Kupiga Picha na Video za Tangi la Matumbawe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangi langu ni la lita 300, liko sebuleni kwetu Maskati, mkabala na dirisha (kosa la mwanzo kabisa, utaliona huko chini). Maswali haya huletwa na jamaa wa Dar, Mombasa, Dubai na wengine walioko Toronto, na kilio chao ni kimoja: tangi likitazamwa kwa macho ni bustani, likipigwa picha ni beseni la wino. Nimeanza na ya msingi, nikamalizia na yale yanayomkuta mtu mara moja kwa mwaka. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine nitakuelekeza huko, sirudii.

## Mambo ya msingi

Kwa nini picha zangu zote zinatoka buluu tupu?

Kwa sababu mwanga wenyewe ni buluu. Taa za LED za matumbawe hutoa sehemu kubwa ya mwanga wake kati ya nanomita 420 na 460 hivi. Huo ndio mwanga ambao mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe huutumia vizuri kujitengenezea chakula, na ndio unaoyafanya matumbawe yang'ae. Ukikaa mbele ya tangi, ubongo wako huuzoea baada ya dakika chache na kuupunguza bila kukuomba ruhusa. Kamera haina mazoea.

Ndani ya kamera kuna vijisehemu vinavyopokea mwanga, kimoja kikipokea nyekundu, kingine kijani, kingine buluu. Mbele ya taa hizi vile vya buluu hujaa mpaka vikamwagika, huku vya nyekundu vikiwa karibu vitupu. Na kilichomwagika hakizoleki: ukiona tumbawe limekuwa doa moja la buluu lisilo na mistari wala vitundu, hakuna programu itakayokurudishia. Kwa hiyo dawa ya buluu huanzia kwenye taa na kwenye lenzi. Kompyuta huja mwisho.

Simu inatosha, au ninunue kamera?

Simu inatosha kwa picha ya tangi zima, kwa video fupi na kwa kumbukumbu za kila wiki (tazama sehemu ya picha kama daftari). Tumia lenzi kuu. Simu nyingi ukisogea karibu hujibadilishia zenyewe kwenda kwenye lenzi pana ili zipige makro (picha ya karibu sana ya kitu kidogo), na hapo pembe za picha hupinda na kuwa na ukungu; tafuta kwenye mipangilio ulizime jambo hilo. Kisha bana kidole kwenye skrini juu ya tumbawe unalolitaka mpaka fokasi ijifunge, halafu teremsha mwangaza kidogo. Picha yenye giza kidogo inaokoleka, iliyoungua haiokoleki.

Kamera yenye lenzi ya makro utaihitaji siku utakapotaka kuhesabu mikono ya polipu mmoja (kile kiumbe kidogo chenye mdomo na mikono kinachounda tumbawe). Kabla ya siku hiyo, pesa yako ipeleke kwenye kichujio cha rangi ya chungwa na kwenye sumaku nzuri ya kusafishia kioo.

Kabla sijabonyeza kitufe, nitayarishe nini?

Kioo kwanza. Mwani mwembamba usiouona kwa macho hutosha kuifanya picha nzima ionekane imepigwa nyuma ya pazia. Pitisha sumaku ndani, lakini iangalie kabla: chembe moja ya mchanga ikinasa kati ya sumaku na kioo itakuachia mkwaruzo ambao utaonekana kwenye kila picha mpaka siku utakapouza tangi. Kama tangi lako ni la akriliki (plastiki ngumu ionayo kama kioo), hatari hiyo ni mara nyingi zaidi, maana akriliki hukwaruzika hata kwa kitambaa kikavu chenye vumbi. Vidoa vigumu vya zambarau vya mwani wa chokaa vitoe kwa kadi ya plastiki. Nje, futa chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi, kisha kikavu.

Fanya usafi huo saa moja kabla, si dakika moja kabla. Ukishasugua, maji hujaa uchafu unaoelea, na kila chembe hugeuka nukta nyeupe kwenye picha. Zima na skima, ile mashine inayotoa uchafu majini kwa vipovu, maana vipovu vyake ni adui mwingine.

Baada ya hapo shughulikia chumba. Zima taa zote, televisheni pia, na funga pazia. Dirisha langu nililolitaja mwanzo hujichora katikati ya kioo kila alasiri kama fremu ya pili. Na angalia umevaa nini! Mimi nyumbani huvaa kanzu nyeupe, na picha zangu za mwaka wa kwanza karibu zote zina mzimu mweupe umesimama juu ya miamba. Sikujua ni mimi mpaka binti yangu aliponionyesha mkono wa mzimu umeshika kamera. Sasa nina fulana nyeusi inayoning'inia nyuma ya kabati la tangi, kazi yake ni hiyo tu.

Pampu nizizime kwa muda gani?

Dakika 10 hadi 15. Kwanza matumbawe laini na yale ya polipu wakubwa yatasita kidogo, kisha yatatulia, na hapo ndipo pa kupiga. Ukizima pampu ya kurudisha maji, hakikisha tangi la chini lina nafasi ya kupokea maji yatakayoteremka, usije ukapiga picha umesimama kwenye dimbwi.

Hatari kubwa ni kusahau. Ijumaa moja nilizima kila kitu, nikapiga picha tatu, nikasikia adhana, nikaondoka. Baada ya swala nikapitia kwa mama mkwe, na kwa mama mkwe hakuna kula haraka. Niliporudi ilikuwa imepita saa mbili na nusu. Samaki wangu, kangaja, alikuwa juu kabisa ya maji, mdomo unafunguka na kufunga, na kamba wawili wamepanda ukingoni kama wanaotaka kuhama. Hakufa yeyote, lakini tangu siku hiyo pampu zangu zinapita kwenye plagi yenye saa, inayojiwasha yenyewe baada ya robo saa, nikiwepo nisiwepo.

## Rangi, mwanga na ukweli

Mizani ya rangi nyeupe niiweke wapi?

Ile inayoandikwa WB kwenye menyu usiiache ijichagulie. Ilitengenezewa jua, kivuli na balbu za nyumbani. Iweke mwenyewe kwa Kelvin (K, kipimo cha rangi ya mwanga), juu kabisa kadiri kamera inavyoruhusu. Kamera nyingi huishia 10,000K, na taa zetu huonekana kama 14,000K hadi 20,000K, kwa hiyo hata ukifika mwisho bado utabaki na buluu. Pengo hilo huzibwa na kichujio au kwa kubadilisha taa, kama ilivyo kwenye majibu mawili yanayofuata.

Njia nyingine ni kuipimia kamera kitu cheupe ndani ya maji, chini ya taa zile zile. Wengine hutumia mchanga. Mchanga wa tangi lililokomaa si mweupe hata kidogo, una mwani wa kahawia. Tumia kipande cha plastiki nyeupe kilichooshwa.

Kichujio cha rangi ya chungwa hufanya nini hasa?

Hukata sehemu ya buluu kabla haijafika ndani ya kamera, ili vile vijisehemu vya buluu visimwagike na vya nyekundu na kijani vipate nafasi. Vipo vya kubana kwenye simu na vya kufunga mbele ya lenzi. Kama taa yako ni buluu nusu na nyeupe nusu, chukua cha njano. Kama ni buluu tupu, chukua cha chungwa iliyokolea. Kibaya kilichokwaruzika kitakupotezea ukali kuliko kitakavyokupa rangi.

Wanaopiga mbizi huniuliza kama wanaweza kutumia kile chekundu walichonacho cha baharini. Hapana, kazi ni tofauti. Baharini mwanga mwekundu humezwa na maji, na ukifika mita 10 karibu wote umekwisha, basi kichujio chekundu kinasawazisha upungufu huo. Kwenye tangi maji hayazidi nusu mita, hayajameza kitu. Taa ndiyo haikutoa nyekundu tangu mwanzo. Picha ya baharini Mnemba, kisiwa cha Zanzibar, iliyopigwa kwa kichujio chekundu inaweza kupendeza sana, na kichujio hicho hicho kikaigeuza sebule yako rangi ya matofali.

Si bora niongeze tu taa nyeupe?

Bora, naam. Ni njia rahisi kuliko zote na haigharimu kitu. Panga kwenye taa yako mpangilio mmoja wa kupigia picha: nyeupe ipande, buluu ishuke, mpaka tangi lionekane kama maji ya asubuhi. Jumla ya mwanga usiipandishe kuliko ile ambayo matumbawe yamezoea. Kwa dakika kumi hayatalalamika. Utakachokosa ni ule mng'ao. Ukiutaka huo, rudi kwenye buluu na kichujio.

RAW ni ya nini, na kwa nini kila mtu anaisifia?

Picha ya kawaida ni wali uliokwisha pikwa: kamera imeshaamua chumvi. RAW ni mchele, unapika mwenyewe baadaye. Kwa tangi la buluu tofauti ni kubwa, kwa sababu unaweza kusogeza mizani ya rangi bila kuichana picha. Simu nyingi za miaka hii zinaweza kupiga RAW kwa programu yake au ya kupakua. Faili ni nzito, na haifufui buluu iliyoungua.

Mbona baadhi ya matumbawe yanang'aa kama yana taa ndani?

Hayana taa. Yana protini zinazopokea mwanga wa buluu na kuutoa tena ukiwa kijani, njano, chungwa au mwekundu. Ya kwanza kujulikana vizuri ilikuwa ya kijani, naye mwanakemia Osamu Shimomura aliitenga kutoka kwa kiwavi wa baharini, wale wanaowasha, kazi iliyochapishwa 1962. Mwaka 2008 yeye, Martin Chalfie na Roger Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa ajili yake. Nyekundu iliyotumika sana maabara ilitoka kwa *Discosoma*, kiumbe yule yule wa duara bapa tunayemnunua kwa bei ndogo na kumwita uyoga.

Ukitaka picha ya mng'ao mtupu: washa buluu peke yake, zima nyeupe yote, weka kichujio cha njano au chungwa kilichokolea, na chumba kiwe giza kabisa. Buluu inazuiwa mlangoni, mng'ao unapita. Mandhari inatoka nyeusi yenyewe.

Basi rangi halisi ya tumbawe ni ipi?

Hapa watu hugombana. Tumbawe moja chini ya jua la adhuhuri linaweza kuwa la kahawia lenye ncha za kijani, na chini ya buluu likawa taa ya disko. Zote mbili ni kweli. Kipimo changu ni cha kawaida sana: picha ilingane na anachokiona mgeni akiwa amesimama mbele ya tangi, chini ya taa nitakazozitaja. Nikiongeza rangi kupita hapo, nimechora, sijapiga picha.

Rangi ya kiumbe hai ina thamani kwa sababu haidumu. Samaki wengi wakifa na kuhifadhiwa kwa dawa hupauka, ndiyo maana wanasayansi huwapiga picha mapema iwezekanavyo. Yule wa maji ya Zanzibar aliyepewa jina *Cirrhilabrus wakanda* mwaka 2019, anayeishi kwenye miamba ya kina cha mita 50 hadi 80, aliwashangaza kwa sababu zambarau yake ilibaki hata baada ya kuhifadhiwa. Hao ni wachache.

Nitajuaje picha ya muuzaji imeongezwa rangi?

Usitazame tumbawe, tazama vilivyo pembeni yake. Kipande kimegandishwa juu ya kitako cha kauri nyeupe: kikiwa waridi au urujuani, rangi yote ya picha imevutwa. Mchanga je? Vidole vya aliyeshika? Nami nililipa mahari ya ujinga. Nilinunua kipande cha ukubwa wa kidole gumba kwa riali 25, pichani kina rangi saba. Kilichofika kilikuwa kahawia chenye ukingo wa kijani. Nilipoirudia picha ile nikaona kitako kilikuwa cha zambarau, na nyuma kulikuwa na konokono wa zambarau vilevile. Konokono wale nawajua, ni weusi. Omba video fupi iliyopigwa chini ya mwanga mweupe. Muuzaji mwaminifu hupiga palepale.

## Kioo, lenzi na ukali

Nikipiga kwa mshazari picha inakosa ukali. Kwa nini?

Mwanga hupinda ukitoka majini kuingia kwenye kioo, na hupinda tena ukitoka kwenye kioo kuingia hewani. Ukisimama wima mbele ya kioo, lenzi ikikitazama uso kwa uso, kupinda huko hakuna madhara makubwa; kitu huonekana tu kimesogea karibu kwa kama robo ya umbali wake. Ukipiga kwa pembe, kila rangi inapinda kwa kiasi chake, na kingo za tumbawe hupata mstari mwembamba wa buluu upande mmoja na chungwa upande mwingine. Kioo kinene hukuza tatizo hilo. Kwa hiyo usiizungushe kamera, sogea wewe. Tumbawe likiwa pembeni, hama mpaka liwe mbele yako.

Tangi lenye kioo cha kujipinda mbele halina dawa, isipokuwa kupiga kutoka juu au kwenye ubavu ulionyooka.

Lenzi gani ya makro?

Ya milimita 90 hadi 105 kwa kamera kubwa, au 60 kwa zenye kihisi kidogo, inayofika ukubwa wa moja kwa moja (kitu kitoke kwenye kihisi, kile kinachopokea picha, kwa ukubwa wake halisi). Ndefu hukufikisha kwenye matumbawe ya nyuma, fupi inatosha kwa yaliyo karibu na kioo. Iliyotumika ni nafuu na inafaa kabisa, maana fokasi utaishika kwa mkono.

Kinachowashangaza wengi ni uwembamba wa sehemu yenye ukali. Kwa ukubwa wa moja kwa moja, f/2.8 (namba ya uwazi wa lenzi; ikiwa ndogo, uwazi ni mkubwa) hukupa chini ya nusu milimita. Hata f/8 haizidi sana milimita moja. Polipu ana mdomo mbele na mikono nyuma; ukishika mdomo, mikono imekwenda.

Nianze na mipangilio ipi?

Tumbawe lililotulia: f/8, kasi ya shata 1/125 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ipande mpaka ipatikane picha, hata 1600. Chengachenga chache ni afadhali kuliko mtikisiko. Samaki: 1/250 au kasi zaidi, f/4 hadi f/5.6. Tangi zima: stendi ya kamera, kipima muda cha sekunde mbili, na mtu asitembee chumbani, maana sakafu husukuma kabati na kabati husukuma maji.

Samaki hawatulii hata sekunde. Nifanyeje?

Usimfukuze kwa lenzi. Kila samaki ana njia yake ya doria. Kaa umtazame dakika tano bila kamera utaiona. Chagua mahali pazuri kwenye njia hiyo, funga fokasi hapo, umngoje. Wale tunaowaita Nemo ni rahisi, hawaendi mbali na anemoni wao. Kangaja hupita sehemu ile ile kila baada ya nusu dakika, ana haraka zake lakini ana ratiba.

Kuwalisha ili wasogee mbele kunasaidia, ila picha itajaa chenga za chakula. Mimi hugonga kifuniko cha kopo la chakula bila kufungua. Wanakuja wote, wananitazama. Baada ya mara tatu waligundua uongo wangu, sasa siku za picha lazima niwape kweli mwishoni.

Flashi huwaumiza samaki?

Wangu hushtuka mara ya kwanza, kisha huzoea, sijaona madhara. Kwa farasi wa baharini na pweza siitumii kabisa, na usiku wa manane siitumii kwa yeyote. Tatizo kubwa la flashi ni kioo: ikiwa juu ya kamera utapata jua jeupe katikati ya picha. Iondoe kwenye kamera, iweke juu ya tangi ikitazama chini, ifyatuliwe kwa redio, na uizuie isirukiwe na maji. Mwanga wake ni mweupe kama wa mchana, basi samaki watatoka na rangi safi, na matumbawe yatapoteza mng'ao.

Picha za kutoka juu hupigwaje bila mawimbi?

Zima pampu zote, subiri uso wa maji uwe kama kioo. Hata hivyo taa iliyo juu itakuakisi. Njia safi ni kisanduku cha akriliki chenye sakafu bapa, unachokilaza juu ya maji na kupigia ndani yake. Bakuli la kioo la jikoni lenye kitako bapa linafanya kazi hiyo hiyo kwa simu, ukiomba ruhusa ya mwenye jiko.

## Video

Kuna mistari myeusi inapanda na kushuka kwenye video. Kamera mbovu?

Kamera nzima. Taa nyingi za LED hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzimika haraka sana, jicho halioni. Kamera husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na mistari iliyosomwa taa ikiwa imezimika hutoka myeusi. Punguza kasi ya shata: katika nchi za umeme wa hezi 50, kama Tanzania, Kenya na Oman, anza na 1/50 au 1/100, walioko Marekani na Kanada, 1/60 au 1/120. Mistari ikibaki, pandisha taa karibu na mwisho wake kisha uinyanyue juu zaidi ya maji, maana taa iliyopunguzwa sana ndiyo inayopepesa zaidi.

Nirekodi kwa fremu ngapi?

25 kwa sekunde, shata 1/50, inatosha kwa kila kitu. Ukitaka mwendo wa pole wa samaki akigeuka, piga 100. Fokasi na mizani ya rangi zifunge. Zikiachwa huru, kila samaki akipita mbele, tangi zima litabadilika rangi kama kinyonga. Pampu kwenye video usizizime zote, matumbawe yasiyoyumba huonekana ya plastiki. Acha moja, kwa nguvu ndogo.

Nataka video inayokimbiza muda, matumbawe yafunguke kama maua.

Picha moja kila sekunde 10, kwa saa mbili, ni picha 720. Ukizichezesha 25 kwa sekunde unapata sekunde 28.8. Wakati mzuri ni taa zinapowaka asubuhi, au unapomwaga chakula. Kamera iwe kwenye stendi, kila kitu kifungwe kwa mkono, umeme wa kamera utoke ukutani. Tumbawe sahani, lile linalokaa peke yake mchangani, ni nyota wa kazi hii: hujivimbisha na kujikunja, na likizikwa na mchanga hujifukua. Kwa macho huoni lolote, kwenye video ni mtu anaamka kutoka usingizini.

Nikituma kwa WhatsApp buluu inakatikakatika kama ngazi. Kwa nini?

Kupunguzwa ukubwa. Buluu inayofifia taratibu ndiyo ya kwanza kuumia. Tuma kama hati badala ya video.

Na sauti?

Ni mngurumo wa pampu na chila, mashine ya kupoza maji. Izime, weka ya kwako.

## Picha kama daftari

Kuna faida gani ya kupiga picha ile ile kila wiki?

Kwangu hii ndiyo sababu kubwa ya kuwa na kamera, hata kama ni picha zisizopendeza. Tumbawe halilalamiki. Nyama yake hurudi nyuma milimita moja kwa wiki, nawe unayelitazama kila siku ndiye wa mwisho kujua. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi sakafuni ujue pa kusimama. Piga saa ile ile, taa zile zile, mizani ile ile, bila kupamba. Kitako cha kauri kitumike kama rula, maana upana wake unaujua.

Mwaka juzi *Acropora* (tumbawe gumu) wangu wa kijani alionekana mzima kabisa. Nilipoweka picha za wiki tatu kando kwa kando, chini yake kulikuwa na ukingo mweupe uliopanda kiasi cha milimita nne, na juu ya ukingo vijidoa vya duara vilivyopauka, vimepangana kama alama za kuumwa. Vilikuwa ni alama za kuumwa. Nilimtoa, nikamtikisa kwenye bakuli la dawa ya kuogeshea matumbawe, wakadondoka minyoo bapa kumi na moja, rangi yao ile ile ya tumbawe, wengine wadogo kuliko punje ya ufuta. Picha ya kwanza yenye kidoa ilikuwa ya siku 19 nyuma. Nilikuwa nayo mfukoni siku zote hizo.

## Mambo yasiyo ya kila siku

Niko Unguja, naweza kuchukua tumbawe baharini nilipige picha nyumbani?

Usilivunje. Kwenye hifadhi kama Chumbe, Mafia na Kisite huondoki na tumbawe lolote, na matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata kuvuka nayo mpaka kunataka kibali. Lifuate lilipo, na usikanyage.

Naweza kuingiza kamera ndogo isiyoingia maji ndani ya tangi?

Ndiyo, ukiiosha kwanza kwa maji matupu, bila sabuni, na mikono pia isiwe na mafuta wala manukato. Isiwe na sehemu ya shaba iliyo wazi: shaba huua kamba, konokono na matumbawe. Samaki wataiogopa kwa robo saa, kisha watakuja kuichokoa.

Lenzi inapata ukungu nikiitoa chumbani.

Wa mwambao mnalijua hili. Chumba chenye kiyoyozi ni baridi, veranda ina unyevu, lenzi inatoka jasho. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuihamisha, uiache nusu saa ipate joto. Usiifute, utapaka chumvi.

Palythoa (polipu laini wanaoota juu ya miamba) wamejifunga. Niwaguse wafunguke ili niwapige?

Hapana, na sababu haihusu picha. Baadhi yao wana sumu ya palitoksini, kali mno. Ikipenya kwenye kidonda, ikiruka jichoni, au mwamba wao ukichemshwa ukavuta mvuke, unakwenda hospitali. Ukilazimika kuhamisha mwamba wenye hao, vaa glavu na miwani. Kwa ajili ya picha, subiri tu. Wengi hufunguka taa zikiwa zimewaka kwa saa moja.

Kamera imetumbukia ndani ya tangi. Nifanye nini kwanza?

Itoe, ondoa betri, usijaribu kuiwasha uone kama inafanya kazi. Isuuze mara moja kwa maji baridi yasiyo na chumvi, maana chumvi ikikauka ndani huanza kula nyaya, kisha mpelekee fundi ikiwa bado mbichi. Mchele hausaidii, utabaki na vumbi la mchele kwenye lenzi. Upande wa tangi, badilisha maji asilimia 20 au zaidi na weka mkaa wa kuchujia, hasa kama betri imekaa humo kwa dakika kadhaa. Na kamba ya kamera, ile unayoiona inakusumbua shingoni, irudishe.